Kitabu cha Kiingereza Kilizinduliwa na Waziri, Mchezo wa Gĩkũyũ Ukampeleka Kamiti

Wasee wa Kabiro, leo nataka tuongee kuhusu Ngũgĩ wa Thiong'o, na sitaki tuongee vile watu waliongea ile wiki alipofariki, Mei 2025. Wiki ile kila mtu alikuwa na picha yake kwa simu, kila mwanasiasa akageuka msomaji wake sugu, halafu wiki iliyofuata kimya. Mimi nataka tuanze na mwaka mmoja tu, 1977. Ukiuelewa huo mwaka, utaelewa maisha yake yote, mpaka kwa nini mzee wa Limuru alifia Georgia, Marekani, akiwa na miaka 87.

Mwaka huo Ngũgĩ alikuwa na miaka 39, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, jina kubwa tayari. Alitoa kazi mbili. Ya kwanza ni Petals of Blood, riwaya nene ya Kiingereza. Ndani yake amewachana matajiri wapya wa Kenya vibaya sana: wanyakuzi wa mashamba, mbunge aliyekisahau kijiji chake, mabepari, watu wa kanisa, hakuna aliyeponea. Na serikali ilifanya nini? Kitabu kilizinduliwa na waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Umesoma vizuri. Waziri wa serikali ileile iliyokuwa inachanwa ndiye alikuja kukizindua.

Kazi ya pili ilikuwa mchezo wa kuigiza, Ngaahika Ndeenda, ambao aliuandika kwa Gĩkũyũ pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kiswahili chake kinaitwa Nitaolewa Nikipenda. Stori ni rahisi. Kuna Kĩgũũnda, kibarua wa shambani, mwenye ekari moja na nusu ya ardhi na hati yake imetundikwa ukutani. Tajiri anayemwajiri anaitaka hiyo ardhi ijengwe kiwanda. Wanamzungusha: mara afunge ndoa ya kanisa ndio aheshimike, mara achukue mkopo wa kulipia hiyo harusi, na dhamana ni ile hati. Binti yake naye anapewa mimba na kijana wa tajiri halafu anaachwa. Mwishowe hati inatoka ukutani na shamba linaenda. Ukiisoma leo ukiwa Kawangware utadhani ni jirani yako aliyekopa kwa simu.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta kibali. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Disemba polisi wakafika nyumbani kwake. Amri ya kumweka kizuizini ilitiwa sahihi na Daniel arap Moi, ambaye wakati huo alikuwa makamu wa rais na waziri wa mambo ya ndani. Hakushtakiwa na hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Alipelekwa Kamiti, jina likawa namba: K6,77.

Sasa fikiria. Mwandishi ni yuleyule, mwaka ni uleule, hasira ni ileile. Kitu pekee kilichobadilika ni lugha, na watu ambao hiyo lugha iliwafungulia mlango. Riwaya ya Kiingereza ilikuwa mazungumzo ya wakubwa kwa wakubwa, hata ikiwa ni matusi. Mchezo wa Gĩkũyũ ulimfanya kibarua wa majani chai asikie jina lake likitajwa. Hapo ndipo watu walishtuka.

Kamĩrĩĩthũ, kule mchezo ulionyeshwa, si mbali na sisi. Toka Kawangware, panda mpaka Kangemi, shika Waiyaki Way, pita Uthiru, pita Kinoo, endelea kupanda mpaka baridi ianze kukuuma masikio. Hiyo ni Limuru. Ngũgĩ alizaliwa huko tarehe 5 Januari 1938, mtoto wa mke wa tatu katika boma la wake wanne. Mamake, Wanjikũ, hakujua kusoma, lakini ndiye aliyemuuliza kama anataka kwenda shule. Alipokuwa kijana, vita vya Mau Mau viliipasua familia. Kaka yake aliingia msituni. Ndugu yake mwingine, ambaye alikuwa kiziwi, alipigwa risasi kwa sababu hakusikia askari wakimwambia asimame. Mwaka 1955 Ngũgĩ alirudi nyumbani kutoka muhula wake wa kwanza Alliance, shule ya wateule, akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa kijiji cha dharura. Kijiji hicho cha dharura ndicho Kamĩrĩĩthũ. Kwa hivyo mahali ambapo baadaye alijenga ukumbi wa mchezo palikuwa mahali ambapo mkoloni alikuwa amewarundika watu ili awachunge vizuri.

Kuhusu shule, Ngũgĩ ameeleza kwamba kabla ya hali ya hatari walikuwa wanafunzwa kwa Gĩkũyũ, halafu serikali ya mkoloni ilipochukua shule za Waafrika, Kiingereza kikawa mfalme. Mtoto akipatikana akiongea Gĩkũyũ karibu na shule anachapwa, au anavishwa kibao shingoni kimeandikwa kwamba yeye ni punda. Kibao kinapokezanwa siku nzima, kila aliyeteleza anampitishia mwenzake aliyeteleza, ili jioni mwalimu aufuate mnyororo wote.

Wengine wenu mnacheka kwa sababu mnakijua hicho kibao. Sisi tulikiita diski. Mimi nilivaa diski katika shule moja ya msingi hapa mtaani, miaka mingi sana baada ya mkoloni kwenda, na kosa langu lilikuwa kuongea Sheng wakati wa mapumziko. Mwalimu aliyeninyoosha alikuwa anatuchapa kwa Kiingereza halafu anasimulia mwenzake kwa Kiswahili vile ametuchapa. Sikuona kitu cha ajabu wakati huo. Nilijifunza tu somo moja, kwamba vile tunaongea nyumbani ni kitu cha kuficha. Hilo somo halikuwa kwenye ratiba, na ndilo nililolishika kuliko hesabu.

Ngũgĩ alifaulu hilo somo vizuri kuliko wote. Alienda Alliance, akaenda Makerere mwaka 1959, akaandika kwa Kiingereza kama mtu aliyezaliwa nacho. Mwaka 1962 kulifanywa mkutano mkubwa hapo Makerere, wa waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na wengine. Ngũgĩ alikuwa mwanafunzi tu mwenye hadithi fupi chache, lakini alialikwa, na alimpa Achebe mswada wake ausome. Mswada huo ndio uliokuja kutoka mwaka 1964 kama Weep Not, Child, na jina kwenye jalada lilikuwa James Ngugi.

Miaka baadaye Ngũgĩ mwenyewe aliukumbuka mkutano huo akauliza swali linalotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Je, Shaaban Robert alikuwa wapi? Mtu aliyeandika Kusadikika, mtu mwenye rafu nzima ya vitabu, mkubwa wa fasihi ya Afrika Mashariki, alikuwa Tanganyika, si mbali na Kampala. Hakuwa na nafasi kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi za Kiingereza alihesabiwa mwandishi, mzee mwenye maktaba ya Kiswahili hakuhesabiwa. Na Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo, Juni 1962. Mimi hii stori huniuma kila nikiikumbuka, kwa sababu haijaisha. Mpaka leo mtu akiandika kwa Kiingereza anaitwa mwandishi, akiandika kwa Kiswahili anaulizwa kama anaandikia watoto wa shule.

Turudi Kamĩrĩĩthũ. Mwaka 1968, yeye pamoja na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wameandika waraka wakidai idara ya Kiingereza pale Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na ya Uingereza isogee pembeni. Walipiga vita chuoni. Lakini chuo ni chuo. Katikati ya miaka ya 70, wanakijiji walimwomba aje asaidie katika kituo chao cha kijiji, na hapo ndipo alipogundua shida: profesa wa fasihi hakuwa ameandika kitu chochote ambacho mamake angeweza kusomewa akaelewa.

Waliandika mchezo, wakauleta kwa wanakijiji. Wafanyakazi wa viwandani, vibarua wa mashamba ya chai, watu bila kazi, wazee waliokuwa msituni. Walijenga ukumbi wao wenyewe, wazi juu, wa kuketi watu kama 2,000. Mazoezi yalifanywa hadharani, yeyote akipita anasimama anatazama. Na hapa kuna kitu ambacho kwangu ndicho moyo wa maisha yote ya huyu mzee. Wanakijiji walianza kumsahihisha. Wanasikia mstari wanasema hapana, mzee wa rika hili haongei hivyo. Mfanyakazi wa kiwandani anamwambia profesa kwamba kazi ya kiwanda haiendi hivyo. Nyimbo hizo zinaimbwa namna hii, si namna hiyo. Na profesa anachukua kalamu anabadilisha.

Hebu jiulize. Nani angemsahihisha Petals of Blood? Mhariri London, labda. Wahakiki wa magazeti. Mama wa kuchuma majani chai hangeweza, hata kama kitabu kinamhusu yeye, hata kama anayajua hayo maisha mara kumi kuliko aliyeyaandika. Kiingereza kilikuwa kimemkinga mwandishi kutoka kwa watu wake. Siku aliandika kwa Gĩkũyũ, kinga ikaanguka, na watu ambao kazi yao ilikuwa kuandikwa wakawa watu wa kusema "hapo umekosea." Kama mimi ningekuwa serikali ya 1977 yenye kuogopa watu wake, hicho ndicho ningeogopa pia. Mtu akishamsahihisha profesa Jumapili, Jumatatu atataka kumsahihisha chifu.

Kamiti walidhani wamemmaliza. Badala yake akaamua humohumo kwamba riwaya inayofuata itakuwa ya Gĩkũyũ. Hakuwa na karatasi, kwa hivyo aliandika juu ya karatasi za choo, zile za jela, ngumu za kukwaruza, ambazo yeye mwenyewe alisema ni mbaya kwa kazi yake ya kawaida lakini nzuri kwa kalamu. Askari jela walizipata wakazinyakua, baadaye akarudishiwa. Kenyatta alifariki Agosti 1978, Moi akawa rais, na Disemba mwaka huo Ngũgĩ akatoka pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa. Kazi yake chuoni hakurudishiwa.

Riwaya ya karatasi za choo ilitoka 1980 kama Caitaani Mũtharabainĩ. Kwa Kiswahili ni Shetani Msalabani. Ngũgĩ ameeleza vile ilisomwa, na hii ni raha tupu. Familia zilikuwa zinakaa jioni, anayejua kusoma anawasomea wengine. Wafanyakazi walisomeana wakati wa chakula cha mchana. Kwa baa, msomaji anasoma kwa sauti, akifika mahali patamu na glasi yake imeisha, anafunga kitabu. Wateja wanapiga kelele, wanamnunulia nyingine, anaendelea. Chapa ya kwanza iliisha haraka mpaka kikachapishwa tena mwaka uleule. Watu husema Waafrika hawasomi. Hao walikuwa wanalipa kwa pombe ndio wasikie ukurasa unaofuata.

Mwaka 1982 walijaribu tena na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra. Walifungiwa milango ya ukumbi wa taifa. Mwezi uliofuata polisi walienda Kamĩrĩĩthũ wakabomoa ule ukumbi wa wanakijiji. Fikiria ukumbi wa miti kuonekana adui wa dola. Ngũgĩ alikuwa London katikati ya mwaka huo, akapashwa habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi. Alikaa Uingereza, halafu 1989 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Yale, 1992 New York, na 2002 Irvine, California. Nyumbani aliogopwa hata bila kuwepo. Riwaya yake Matigari ilipotoka 1986, alisimulia kwamba habari zilifika kwa wakubwa kuwa kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka nchini akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki, na amri ikatolewa akamatwe. Walipogundua ni mhusika wa kitabu, wakaenda kukamata vitabu madukani.

Kwa hivyo kuanzia 1989 mpaka kifo chake ni kama miaka 36 ya Marekani. Kuna watu wanaowataja waandishi wa Marekani wa siku hizi na yeye yumo, na hawajakosea sana kwa hesabu ya miaka. Alikuwa na ofisi, mshahara, wanafunzi na nyumba huko. Watoto wake kadhaa ni waandishi huko. Lakini angalia alichofanya na riwaya. Insha na vitabu vya kumbukumbu za maisha yake aliandika kwa Kiingereza, sawa. Riwaya, hapana. Akiwa New York alianzisha jarida la Gĩkũyũ, Mũtiiri, mwaka 1994. Akaandika Mũrogi wa Kagogo, riwaya ambayo kwa Kiingereza ina kurasa zaidi ya 700, aliyoitafsiri mwenyewe. Halafu Kenda Mũiyũru, utenzi wa hadithi ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, ambayo mwaka 2021 iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya International Booker. Ilikuwa mara ya kwanza kazi iliyoandikwa kwa lugha ya asili ya Kiafrika kufika hapo. Mzee wa miaka 83, California, bado anaandika kwa lugha ya mamake aliyekuwa hajui kusoma.

Nampa heshima zake zote, lakini nitasema pia kitu ambacho nadhani tumekosa kusema. Uhamisho ulimnyang'anya kile alichokipata Kamĩrĩĩthũ. Irvine kulikuwa na maktaba, lakini hakukuwa na yule mama wa majani chai wa kumwambia mzee haongei hivyo. Lugha alibaki nayo, mazoezi ya hadharani hakubaki nayo. Alirudi Agosti 2004 baada ya miaka 22, rais akiwa ni yuleyule Kibaki aliyezindua kitabu chake 1977. Watu walijaa kumpokea. Siku chache baadaye majambazi wakamvamia yeye na mkewe Njeeri katika nyumba waliyokuwa wamefikia hapa Nairobi, wakawatendea unyama. Ungetegemea mtu kama huyo akae, na Kenya ilimwonyesha kwamba haiko tayari kumlinda. Na Ngaahika Ndeenda yenyewe ilirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022, miaka 45 baada ya marufuku.

Kuna jambo lingine sitaliruka kwa sababu mzee amekufa. Machi 2024, mwanawe Mũkoma aliandika hadharani kwamba babake alikuwa akimpiga mamake, Nyambura, mke wa kwanza. Watu walimrukia Mũkoma, wakamwambia anaaibisha familia na utamaduni. Mimi nasema hivi: ukisoma mtu miaka yote akikufundisha kwamba wanyonge waachwe waongee, halafu mtoto wake aongee kuhusu mnyonge wa nyumbani kwao, huwezi kumwambia anyamaze. Vitabu vinabaki vitabu. Nyambura naye abaki na stori yake.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu hapa ndipo mimi na Ngũgĩ tunaanza kubishana. Yeye alisema: anza na lugha ya mama, halafu ongeza nyingine. Poa. Lugha ya mama yangu ni gani? Mamangu ni Mluhya, babangu ni Mkamba, walikutana hapa, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Nikienda Vihiga Disemba nyanya ananisalimia kwa Kiluhya, mimi namjibu kwa Kiswahili, tunacheka, tunaendelea. Ukitembea kutoka Gatina mpaka Kibera utasikia Kiluhya, Kijaluo, Kikisii, Kikamba, Gĩkũyũ, na kule Kibera utasikia Kinubi, lugha ya wazee wa kwanza kukaa pale, ambao ndio walioliita hilo eneo Kibra, yaani msitu. Watoto wa hizo nyumba zote wakikutana barazani wanaongea kitu kimoja: Kiswahili chenye Sheng ndani.

Na kuna jambo zito zaidi. Tuko mahali ambapo lugha ya mama imewahi kuwa hatari. Mwanzo wa 2008 Kibera iliwaka. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware ikawaka. Siku hizo mtu alikuwa anapima salamu yako kabla hajaitikia. Mwambie kijana wa hapa aandike kwa lugha ya kabila lake, atakuuliza unataka kumrudisha wapi. Hilo swali lina maana, na halijibiwi na mtu aliye mbali.

Lakini mimi nadhani Kamĩrĩĩthũ yenyewe inalijibu, ukiacha kuangalia kabila na uangalie kilichotokea pale kwenye mazoezi. Limuru ya 1977, Gĩkũyũ ndiyo lugha ambayo kila aliyepita njia angeweza kusimama na kusema "hapo umekosea." Hicho ndicho kipimo. Kabiro, lugha hiyo ni Kiswahili chetu, hiki kilichochanganyika. Na Ngũgĩ mwenyewe, alipotangaza mwaka 1986 kwamba anakiaga Kiingereza, alitaja lugha mbili za kuendelea nazo: Gĩkũyũ na Kiswahili. Watu humkumbuka na ile ya kwanza tu.

Kwa hivyo msee, ukiandika stori, ukirekodi video, ukitunga mchezo wa pale kituo cha vijana, jiulize swali moja. Mama mboga akiisikia, anaweza kukukosoa? Sio kukupigia makofi, kukukosoa. Mtu wa bodaboda anaweza kukwambia kwamba hiyo njia haipiti hapo? Kama hawawezi, basi unaongea juu yao na hawako kwenye hayo mazungumzo, hata kama umewapiga picha vizuri. Najua hesabu za pesa. Video ya Kiingereza inafika mbali, wafadhili wanaielewa, kuna kijana anaweza kulipa kodi ya nyumba nayo. Siwezi kumlaumu mtu anayetafuta kodi. Lakini mtaa ambao stori zake zote zinasimuliwa kwa lugha ya mfadhili utaamka siku moja ujikute mgeni kwenye stori zake.

Na msiniambie hakuna nafasi. Huyu Mũkoma, mtoto wa Ngũgĩ, alizaliwa Evanston, Illinois, mwaka 1971. Yeye ndiye mwandishi wa riwaya wa Marekani kabisa kabisa: profesa Cornell, anaandika riwaya za upelelezi kwa Kiingereza, kama Nairobi Heat, na askari wake ni Mmarekani mweusi anayekuja Nairobi kufuata kesi. Hakufuata njia ya babake ya kuandika. Lakini mwaka 2014 yeye na Lizzy Attree walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili, Mabati-Cornell, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Jina hilo la mabati ni la kampuni, Mabati Rolling Mills, watengenezaji wa mabati ya kuezekea, kama haya yanayotupigia kelele mvua ikinyesha. Miswada ya riwaya na mashairi, Kiswahili kitupu. Mwaka wa kwanza, 2015, washindi wakapatikana, na Watanzania wakavuma sana. Siwaonei wivu. Nauliza tu sisi tulikuwa tunaandika nini.

Na 2016, vijana wa Jalada, kikundi cha waandishi kilichoanzia hapahapa Nairobi, walichukua hadithi moja fupi ya Ngũgĩ, ya Gĩkũyũ, inayosimulia kwa nini binadamu hutembea wima. Wakaitafsiri lugha moja baada ya nyingine, Kiswahili ikiwemo, mpaka zikapita 100. Hawakuwa na jengo. Walikuwa na intaneti na marafiki.

Mimi nimeshaanza. Kuna stori naandika kuhusu ploti moja na mkopo mmoja, na kila Jumamosi jioni naisoma kwa sauti pale kwa kibanda cha chapo karibu na stendi. Wiki iliyopita mama wa chapo alinikatiza. Akasema, "Kijana, mwenye nyumba haongei hivyo. Mwenye nyumba anaanza na kukusalimia watoto." Nikabadilisha.